Mwenyekiti wa Mabeseni

Ukimsalimu akiwa anasuuza, hakuitikia. Ungesimama pale mlangoni ukasema "habari ya asubuhi" mara mbili tatu, ukajiona mjinga, na yeye ameinama tu, anakamua shuka la mtu, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Akishalitupa kwenye kamba na kulinyoosha kwa kiganja, ndipo alipogeuka na kusema, "Nzuri. Ulikuwa unasema?" Wageni walidhani ana kiburi. Sisi tulioishi naye tulijua kwamba kiburi anacho kweli, ila hiki hakikuwa hicho. Alishikilia kwamba mtu akipiga gumzo huku anasuuza, sabuni hubaki kwenye pindo, na mwenye shuka atajikuna usiku kucha bila kujua amlaumu nani.

Sote tulimwita Mwenyekiti. Jina alikuwa nalo, la kitambulisho na la kanisani, lakini Sarang'ombe nzima, mtaa wetu wa Kibera, kuanzia muuza maji mpaka mchungaji wake, ilimjua kwa cheo hicho. Alipewa na wanawake wanaofua nguo za watu, wale ambao Nairobi huwaita mama fua, na kwa miaka mingi cheo hakikuja na mshahara wowote. Mimi nilikuwa mtu wake wa pasi. Nilinyoosha nguo walizofua yeye na wenzake tangu enzi za pasi ya makaa mpaka tukapewa ya mvuke. Nikimsema vibaya humu, basi nasema kama mtu aliyesimama karibu naye vya kutosha, na nikimsifu ni vivyo hivyo.

Jambo lililompa heshima zaidi ni foleni. Kabla yake, wanawake wa Kibera waliotafuta kazi ya kufua walikaa kando ya kuta za mitaa ya wenye pesa, na gari likisimama, wote walikimbilia dirishani. Mwenye miguu myepesi ndiye aliyepata kazi. Mwenye mimba au mtoto mgongoni alirudi nyumbani na beseni kavu. Mwenyekiti na rafiki yake, Mama Vero, walichoka na mbio hizo. Wakakodi banda la mabati kando ya barabara, Sarang'ombe, wakawaambia wenzao waje na mabeseni na kuyapanga pale nje ukutani. Kazi ikija, mwenye beseni la mbele anaondoka. Akirudi, analiweka nyuma. Jioni yote yaliingizwa ndani kwa mpangilio uleule na asubuhi yakatolewa vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudamka akajifanya wa kwanza.

Tena kulikuwa na hili. Mwenye matatizo nyumbani, awe na mtoto mgonjwa au msiba, beseni lake liliinuliwa na kupelekwa mbele ya yote. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeliinua. Hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza, maana kila mmoja alijua kwamba iko siku litainuliwa lake. Nimeona wanawake wakisogezwa nyuma ilhali kwao jiko halijawashwa tangu jana, na wakanyamaza. Sijapata kuona kitu kama hicho ofisini wala kanisani.

Lakini msidhani alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa mkali, na huruma yake ilikuwa na sheria kuliko korti. Sheria ya kwanza ilikuwa kutosema yaliyomo kwenye nguo za wateja. Mfuaji anajua mengi. Anajua nani ameacha kulala kitanda kimoja na mumewe, nani ameanza kunywa, mtoto wa nani anakojoa kitandani na kidato cha pili amefika. Siku moja mwenzetu mmoja alianza kutuchekesha kwa habari za mashuka ya mteja wa mtaa wa Ayany. Mwenyekiti hakugomba. Alikwenda nje, akaligeuza beseni la yule mwenzetu juu chini, na likakaa hivyo wiki nzima huku mengine yakilipita. "Wewe fua," alituambia. "Usichunguze." Neno hilo alilisema mpaka tukawa tunalisema sisi wenyewe tukiwa nyumbani kwetu, hata kwa mambo yasiyohusu nguo.

Mama Vero ndiye peke yake aliyeweza kumchezea. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa wauza mahindi ng'ambo ya pili, na alitoka upande wa ziwani. Mwenyekiti alitoka Magharibi. Kutwa walichokozana juu ya samaki wa ziwani na kuku wa Magharibi.

"Nyinyi watu wa kuku," Mama Vero angesema, "mgeni akija kwenu, jogoo anaandika wosia."

"Afadhali sisi," Mwenyekiti angejibu bila kuinua kichwa. "Kwenu mgeni anaangaliwa na macho ya samaki mpaka shibe inamtoka."

Walikuwa wamezikana. Nasema hivi kwa maana yake kamili: Mama Vero alipofiwa na mumewe, Mwenyekiti alisafiri naye mpaka kijijini, akakaa huko akiwapikia waombolezaji, na Mwenyekiti alipompoteza binti yake, Mama Vero alilala naye sakafuni mpaka siku aliyokubali kuoga. Hawakuzungumzia mambo hayo. Walizungumzia kuku.

Kampuni ilikuja wakati ambapo, ukiniuliza mimi, kila kampuni kubwa mjini ilikuwa inatafuta biashara ndogo yenye kusaidia jamii ili nayo iisaidie ikue. Hii yetu ilikuwa kampuni ya sabuni. Ilimtuma msichana anayeitwa Faith, mwembamba, mwenye viatu ambavyo matope yetu yalivimaliza mara ya kwanza. Faith alikuwa na moyo. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hutafuta mbaya wao haraka, na wengi humchagua yeye.

Mwenyekiti alikuwa na desturi ya kumfulisha mgeni yeyote kabla hajampa kiti. Faith alifua blausi, akaifua vibaya, akaambiwa hivyo. Baadaye Faith alimleta mkurugenzi wa kampuni, mwanamume wa suti na saa nzito. Mwenyekiti alimpa soksi za shule za mtoto wa jirani, zile nyeupe zilizokuwa nyeupe zamani. Tulijipanga mlangoni tucheke. Yule baba alivua saa, akakunja mikono ya shati, akazigeuza soksi ndani nje, akaanza na vidole. Alizifua mpaka zikawa kama zimetoka dukani. Alikuwa amesoma shule ya bweni, akasema, na huko kila Jumamosi mkubwa wa bweni alikagua soksi. Mwenyekiti alizitazama soksi, akamtazama yeye, akamletea kiti chake mwenyewe, kile chenye mto. Nadhani hakupenda kushindwa kumdharau mtu.

Msaada ule ulikuwa msaada kweli. Kuna watu wa kusema kwamba kampuni hutafuta sifa tu, na sifa zilitafutwa, sikatai, lakini wasemaji hao hawajawahi kufua jinzi mwezi wa saba kwa maji ya baridi. Tuliletewa mashine mbili za kufulia na tangi la maji. Wataalamu wa kampuni walikuja kutufundisha kupanga bei, kuongea na nyumba za wageni zinazohitaji mashuka kila siku, na kumwambia mteja msumbufu hapana bila kumtusi. Hilo la mwisho lilimchosha Mwenyekiti sana. Vidonda vya vidole vilianza kupona kwa wanawake ambao nilidhani ndivyo vidole vyao vilivyo. Nekesa, mfuaji wetu wa polepole kuliko wote, ambaye dawa ya kutoa madoa ilikuwa imemla ngozi mpaka hakuweza kukunja ngumi, alikabidhiwa mashine moja, akaipenda, akaipangusa kila jioni kama mtu anayepangusa uso wa mtoto.

Mwenyekiti mwenyewe hakuziamini. Wageni wakija alivaa aproni yenye nembo ya kampuni, ambayo nilimpigia pasi kwa ajili hiyo tu, akasimama kati ya mashine zile mbili na kuzisifu kwa sauti ya mimbari. Aliwaambia zimebadilisha maisha. Wageni wakishaondoka, aproni ilirudi msumarini, na nguo zake yeye alizibeba nyumbani akazifue kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini. "Zangu hazijazoea kuzungushwa," alisema. Alipenda kusifiwa kuliko alivyokubali. Picha yetu ilipowekwa kwenye bango kubwa Ngong Road, alitoka kanisani na kwenda moja kwa moja kuitazama, akimvuta Mama Vero mkono. Kufika, mbele kabisa ni Mama Vero, mdomo wazi, anacheka. Wa Mwenyekiti ulionekana mkono na kipande cha bega. Mama Vero alicheka mpaka akaketi chini kando ya barabara. Mwenyekiti aligeuka akashika njia ya Sarang'ombe.

Picha hiyo ndiyo iliyotuletea balaa, ingawa siku ile hakuna aliyejua. Ilitokea hivi. Mwanzoni kabisa, Faith aliuliza biashara yetu ina wafanyakazi wangapi. Mtu mwingine angetaja wale wanaofua kila siku. Mwenyekiti alituma watu kila pembe waje wote wenye mabeseni. Akaja anayefua kila siku, akaja anayefua mara moja kwa mwezi shule zikifungua, akaja hata bibi mmoja wa Makina, mtaa wa jirani, aliyekuwa ameacha kazi hiyo kwa sababu ya mgongo ila beseni lake tulikuwa bado tunalo. Kwake yeye, aliyewahi kupanga beseni ukutani ni wetu, na kumwacha mmoja nje mbele ya wageni ingekuwa sawa na kumwambia hana kwao. Barabara ilijaa. Faith alihesabu mpaka akafurahi, akapiga picha ileile iliyokuja kuwekwa kwenye bango, na idadi ile ikaenda mjini kama watu tuliowapa ajira. Tulisifiwa kwa wingi wetu. Tulipewa nafasi ya kuingia kwenye mradi kwa wingi huohuo.

Mwaka uliofuata, kampuni ilitaka tukue. Kungekuwa na tawi la pili, Kawangware 46, kwenye kituo cha matatu cha namba hiyo, lenye mashine kubwa, na wafanyakazi wenye mikataba, mshahara wa mwezi na bima ya hospitali. Ni ndoto, sitadanganya. Ila mtu huko ofisini aliigawa kazi yetu kwa idadi ile, akaona kwamba kila mwanamke hapa anafua nguo chache kiasi cha kutia aibu.

Faith alikuja kutuambia mwenyewe. Nilikuwa napiga pasi, na banda letu halikuwa na ukuta wa siri.

"Mum," alisema, "huko wanauliza hawa wote wanafanya nini. Wanasema watu ni wengi na kazi ni kidogo."

"Si mlisema ni vizuri tukiwa wengi?" Mwenyekiti aliuliza. "Si hata mlitupiga picha?"

"Tulisema, mum. Na mimi nilikosea, singehesabu watu bila kuuliza nani huja lini. Lakini hiyo namba imeshaingia kwa ripoti. Siwezi kuitoa sasa."

"Basi waache wote wabaki."

"Wakibaki wote, Kawangware haifunguliwi. Na hizi mashine ni za mradi, zitarudi." Faith alikuwa karibu kulia. "Chagua tu wale wanafua haraka, mum. Ndio wapate mkataba. Wengine watakuja baadaye tukikua."

"Mimi sichagui mtu."

"Sasa nani atachagua?"

"Foleni," Mwenyekiti alisema.

Aliwaita wanawake wote Ijumaa, akawaeleza bila kupamba. Jumatatu asubuhi mabeseni yatatolewa kama yatakavyokuwa yameingia Jumamosi. Walio mpaka kwenye nguzo ya stima iliyo kando ya banda, wana mkataba. Kutoka nguzo kwenda nyuma, hawana, na beseni linarudi nyumbani. Kila mtu alikubali. Sijui kama walikubali kwa sababu ni haki au kwa sababu hakuna aliyetaka kupimwa mbio na mwenzake tena, kama zamani pale ukutani.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na kazi ni kazi. Ilikuja moja ya mtaa wa Woodley, zamu ilikuwa ya Mama Vero, akaenda. Kurudi, aliliweka beseni lake nyuma kama desturi. Nekesa naye, akitoka kazi nyingine, aliliweka lake nyuma ya hilo. Jioni tulipoyaingiza ndani, kila mtu alikuwa ameshapima kwa macho mpaka kwenye nguzo. Beseni la Mama Vero lilikuwa la mwisho kuangukia upande mzuri. La Nekesa lilikuwa la kwanza upande wa pili. Nekesa hakuwepo kuona hilo. Alikuwa amekimbilia hospitali, mtoto wake wa mwisho amelazwa, kifua kimembana.

Tulijua sote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Jumapili nzima tulijua kwamba kuna mtoto mgonjwa, na tulijua Mwenyekiti hufanya nini kukiwa na mtoto mgonjwa. Nilimwona kanisani akiimba na kitabu amekigeuza juu chini.

Jumatatu alikuja mapema, akayatoa mabeseni mwenyewe, moja moja, akayapanga. Mama Vero alisimama kando amefunga leso kichwani, hachekeshi. Mwenyekiti alipomaliza, alirudi mpaka kwa beseni la Nekesa, la samawati, lenye ufa. Akaliinua. Akalipeleka mbele ya yote. Kisha akarudi akiyasukuma mengine kwa mguu, kila moja nafasi moja, na la Mama Vero likapita nguzo.

Hakuna aliyepinga. Yale yalikuwa makubaliano yetu wenyewe, ya miaka, na hakuna hata mmoja wetu ambaye beseni lake halikuwahi kuinuliwa. Baadaye wengine walinong'ona kwamba angetoa nafasi yake yeye. Yeye alikuwa na mkataba wa msimamizi, biashara imesajiliwa kwa jina lake, na Faith aliwaeleza kwamba akitoka, mradi wote unaanza upya. Inawezekana ni kweli. Mimi nawaza tu kwamba ni rahisi kuitoa nafasi ya mtu mwingine ukiwa umesimama kwenye yako.

Mama Vero alilitazama beseni lake kwa muda. Akalichukua, akaliweka chini ya kwapa. Alipofika mlangoni nilipokuwa nikipiga pasi alinitazama, na nikafikiri sasa ataongea neno ambalo sitalisahau.

"Mama Junior," aliniambia, "unaunguza shati la watu."

Akaenda zake. Nilikuwa kweli nimeiacha pasi kwenye kola.

Hawakuongea tena, wale wawili. Hawakugombana, ingekuwa afadhali. Mama Vero alianza kuuza mboga za sukuma wiki na nyanya Makina, karibu na msikiti, na akafanya vizuri kwa sababu watu walipenda kicheko chake. Mwenyekiti aliacha njia yake ya kila siku akawa anapitia kwingine. Wakikutana kwenye mazishi, kila mmoja alimsalimu mwenzake kwa heshima kama wageni. Nakwambia ukweli, sijaona kitu kilichonitia huzuni kuliko watu wawili waliokuwa wakitukanana vizuri namna ile kupeana mkono na kuulizana hali.

Na tulikua. Tawi la Kawangware lilifunguliwa, nikapelekwa huko, kwanza kwenye pasi, halafu kama msimamizi. Mtoto wa Nekesa alipona, na mama yake yuko nami mpaka leo, bado wa polepole, bado anapangusa mashine. Wale waliorudi na mabeseni nyumbani, wachache waliitwa baadaye kama Faith alivyoahidi. Wengi hawakuitwa. Faith mwenyewe alihamishiwa mradi mwingine, wa kupanda miti. Siku ya kuagana alimwomba Mwenyekiti msamaha. Mwenyekiti alimwambia viatu alivyovaa siku hiyo angalau vinafaa.

Hakudumu sana baada ya hapo kwenye kazi. Vidole vilianza kukataa kukunjika. Alikabidhi kila kitu, akapewa cheti na kitenge, akafanyiwa sherehe ya soda na keki, akatoa hotuba ndefu ambayo ndani yake foleni haikutajwa hata kidogo. Watu wengi huzungumzia moyo wake laini siku hizi. Mimi sikubaliani nao. Alikuwa mtu aliyetunga sheria ya huruma, kisha akaitii hata ilipomgeukia, na sijui kama huo ni moyo laini au kinyume chake. Nilikuwa nikimkasirikia kwa hilo, kisha nikimwonea fahari, siku hiyohiyo moja.

Mara ya karibuni kumwona kwa mazungumzo marefu ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Aliingia dukani kwetu Kawangware 46 adhuhuri, akaketi kwenye benchi la wateja katikati ya watu, mfuko mapajani. Hakuniita. Nilimaliza na wateja, nikaenda kuketi karibu naye.

"Mwenyekiti, si ungekuja tu huku nyuma?"

"Nimekuja na shida. Mwenye shida anakaa hapa." Alilitazama duka, tisheti za wafanyakazi, mashine zinavyozunguka. "Mnaendelea vizuri."

"Tunaendelea."

"Mama Vero anakuwa mzee," alisema ghafla. "Anakaa chini kutwa kwa baridi, kwa hiyo soko. Mpatie kazi. Ya kukunja nguo, ya kukaa. Iko na ile bima ya hospitali, si ndiyo?"

Nilimwambia nafasi moja ya kukunja ipo, na kwamba ningefurahi. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka mingi na sasa mimi ndiye bosi na yeye ndiye mgeni, kama leo angeliinua tena lile beseni.

"Ningeinua," alisema. "Mtoto wa watu alikuwa anakufa."

Mteja akaingia, akahudumiwa, akatoka.

"Lakini ningeenda kwa Mama Vero hiyo Jumapili," alisema. "Nilitoka kanisani nikafika mpaka kwa kona yao. Nikarudi. Unajua kwa nini nilirudi? Ningemuuliza, angekubali. Angesema peleka tu, huyo mtoto ni wetu. Na mimi ningebaki hapo nikimwangalia akikubali." Alifuta macho kwa upande wa mkono, kwa sababu vidole havikukunjika. "Nikaona afadhali foleni imwambie."

Nilimshika bega, na yeye, ambaye hakupenda kushikwa, aliniacha.

"Usimwambie ni mimi," alisema akiinuka. "Nitakuja Jumamosi uniambie amejibu nini."

Alhamisi nilikwenda Makina. Mama Vero alikuwa anapanga nyanya, nywele zimekuwa nyeupe chini ya leso, na aliponiona alicheka kile kicheko, ingawa kimepungua pumzi. Nilimweleza kuhusu kazi. Sikumtaja mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa nyanya moja kwa upindo wa aproni.

"Kazi sitaki," alisema. "Nimezoea hapa, na wateja wangu ni hawa. Asante, mwanangu." Akaiweka nyanya juu ya nyingine. "Na wewe hukuamka tu asubuhi ukanikumbuka. Huyo amekutuma, mwambie nyumba yangu haijahama."

Jumamosi Mwenyekiti alikuja kabla hatujafungua vizuri. Alikuwa amevaa kile kitenge cha sherehe. Nilimwambia kwanza kwamba Mama Vero ameikataa kazi, na nikaona mabega yake yakishuka. Akaanza kutikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo na bado limemuuma. Kisha nikampa maneno yale mengine, kama nilivyopewa, bila kuongeza.

Nekesa alikuwa anamsalimu kutoka kwenye mashine, Mwenyekiti hakumsikia. Alijishika ukutani kwa kiganja, akavuta pumzi, akaitazama barabara.

"Saa hii," aliniuliza, "ako kwa nyumba?"